Glavu Yenye Kidole Kifupi

Sikuwa na mke, kwa kuwa alishatangulia. Sikuwa na kazi, kwa kuwa nilistaafu ukarani wa stoo na kupewa cheti cha pongezi pamoja na saa ya ukutani iliyosimama kabla mwaka haujaisha. Sikuwa na meno sita ya chini. Sikuwa na mkono uliotulia; nikishika kikombe, kisosi kilikuwa kinaitika. Nyumba yangu sikuwa nayo, nilikuwa na chumba kwenye nyumba ya mdogo wangu. Na zaidi ya yote, sikuwa na mtu wa kuniuliza swali. Mimi niliyesoma masomo ya jioni miaka saba nikapata vyeti vinne, ilikuwa ikipita wiki nzima bila mtu kuniuliza hata maana ya neno moja.

Siyasemi haya ili nionewe huruma. Nataka mjue pengo langu lilikuwa la ukubwa gani, maana nililijaza kwa kitu cha wizi.

Aliyekosa safu yangu kwenye magazeti ya nyuma, habari yenyewe ni hii. Mdogo wangu ni fundi saa, mtaa mzima unamwita Kibano. Benchi analofanyia kazi ni la marehemu baba yetu. Tulipokuwa vijana duka lilihitaji mtu wa jioni, na mmoja wetu alitaka kusoma. Yeye akabaki benchi, mimi nikaenda darasani. Shule yake iliishia darasa la pili, na ndiyo maana kila asubuhi, tangu nilipostaafu, nimekuwa nikimsomea gazeti akifungua duka.

Miaka miwili kabla ya haya nilijiunga, kwa simu, na kundi linaloitwa Baraza la Saa Zilizosimama. Ni watu kama mia tatu wa nchi nyingi, kila mmoja na lugha yake, wote wanapenda saa za zamani. Simu inatutafsiria, lakini inatafsiri kama mlevi anayesimulia mahubiri. Kwa hiyo Baraza lina sheria moja: hatuweki sura. Unaweka picha ya kazi yako na mikono yako ikiwa juu ya kazi. Humo mtu anajulikana kwa mikono kama mnavyojuana ninyi kwa sauti.

Mikono yangu ingenitia aibu. Nikaweka ya Kibano. Nilimwambia nampiga picha kwa ajili ya kumbukumbu za duka, na yeye akaendelea na kazi yake.

Humo wakaniita Fundi Mkuu.

Humo pia ndimo nilimopata rafiki. Ni mama wa mbali sana, mfumaji wa sweta, anafuga ndege kwenye tundu na amejiita Chiriku. Tulikubaliana: mimi nimfundishe Kiswahili, yeye anifundishe lugha yake, sentensi kumi kila siku. Nilimfundisha kusema shikamoo. Nikamwambia mwanafunzi humwamkia hivyo mwalimu wake. Yeye ana miaka sabini na minne, mimi sabini na mmoja. Kila asubuhi kwa miaka miwili mtu aliyenizidi umri alinipa shikamoo, na mimi nikaitikia marahaba bila kupepesa jicho.

Wiki iliyopita niliishia pale nilipotia saini kwa mleta vifurushi. Kifurushi kilitoka kwa Chiriku.

Nilikifungulia chumbani, saa nne asubuhi, mlango nimeurudisha.

Ndani kulikuwa na saa ya mfukoni ya fedha iliyofungwa kwa flana. Kulikuwa na glavu mbili za sufu, rangi ya kijivu. Na kulikuwa na barua ya Kiswahili, kwa mkono wake mwenyewe.

"Mpendwa Fundi Mkuu, shikamoo," aliandika. "Hii ni saa ya baba. Baba alikuwa dereva wa treni. Mimi mtoto nililala juu ya kifua chake na saa ilisema. Saa imenyamaza miaka thelathini. Sasa masikio yangu yanafunga mlango polepole. Daktari anasema mwisho wa mwaka mlango utafungwa. Tafadhali mwambie saa aseme kabla. Glavu ni kwa mikono yako. Nimepima kwa picha. Kidole kile nimekihesabu. Sikuuliza kilikwenda wapi, kwa sababu kuuliza si adabu."

Nilizitazama glavu. Ya kushoto, kidole cha pete kilikuwa kimefumwa nusu, na ncha yake imefungwa vizuri kabisa kwa uzi mwembamba.

Kibano hana nusu ya kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Mlango wa chuma wa karakana ulimbana akiwa na miaka ishirini na miwili.

Nikaivaa. Sijui kwa nini niliivaa. Kidole changu kizima kikagota pale nusu na kukataa kwenda, na ile sehemu iliyobaki ikajikunja ndani kama mtoto aliyefichwa chini ya kitanda.

Niliivua haraka na kuzisukumia zote mbili chini ya mto.

Sasa hapa ndipo mwenye akili angempelekea Kibano saa, akasema ukweli, mambo yakaisha. Lakini mimi nilikuwa na vyeti vinne. Nilijiambia: baba alikufundisha wewe pia. Ulikaa kwenye lile benchi mpaka umri wa miaka kumi na minane. Ifungue uone.

Nikaifungua.

Nilishika kibano cha kushikia vipuri kwa mikono miwili, viwiko nimeviegemeza mezani, pumzi nimeibana. Nilifika hadi kwenye gurudumu la mizani, lile linalocheza huku na huku na kuipa saa uhai. Nikalishika. Nikaanza kulinyanyua.

Mkono ukafanya ulichozoea kufanya.

Gurudumu likaruka, likagonga ukuta, likaanguka chini ya kabati. Niliingia uvunguni kwa magoti ya miaka sabini na mmoja, nikalipata katikati ya vumbi. Mhimili wake, ambao ni mwembamba kuliko sindano, ulikuwa umekatika.

Nilikaa sakafuni nikaita jina la marehemu mke wangu.

Saa sita mchana nilikwenda dukani na saa ya Chiriku kwenye leso. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba: benchi, taa ya shingo ndefu, kabati la vioo na saa kama arobaini zilizoning'inizwa kwenye misumari. Kila saa imefungwa kikaratasi kwa uzi, na juu yake jina la mwenye saa na tatizo lake, kwa mwandiko mdogo safi. Ni mwandiko wa shemeji yangu, mke wa Kibano. Ndivyo nilivyojua mimi.

"Mteja ameacha hii," nilisema.

Kibano akafungua leso. Akaweka lenzi kwenye jicho. Akafungua mgongo wa saa.

"Mteja yupi?"

"Alikuwa anapita tu. Ana haraka."

"Saa hii haikuwa na ugonjwa, kaka. Ilikuwa chafu. Mafuta yamegandamana, basi. Ukiisafisha, inatembea siku hiyo hiyo." Akaigeuza kwenye mwanga. "Huu mhimili umekatika leo. Mvunjiko wa zamani unakuwa mweusi. Huu unang'aa. Kuna mtu ameuvunja asubuhi hii na mkono wake unatetemeka, kalikwaruza na bamba la ndani."

Niliiweka mikono yangu mfukoni.

"Pengine mwenyewe alijaribu," nikasema.

"Pengine." Akavuta kikaratasi na uzi. "Jina lake?"

"Andika lolote."

"Saa isiyo na jina hailali kwenye benchi hili. Baba alisema hivyo na wewe ulikuwepo."

"Basi tumsubiri shemeji aje aandike."

Alinitazama kidogo kwa lile jicho lenye lenzi, jicho kubwa kama la samaki. "Taja tu jina, kaka."

Nilikuwa bado natafuta jina la kubuni, mimi niliyesoma kamusi tatu kutoka jalada hadi jalada, wakati shemeji alipoingia kutoka ndani. Alikuwa amebeba mashuka yangu kwapani.

"Shemeji, samahani," alisema. "Leo ni siku ya kufua, nimekuta hizi chini ya mto wako. Nimeshtuka. Nikasema labda panya amekula kidole, lakini tazama, kimefumwa hivi makusudi. Nani huyo anafuma glavu mpaka uzi unamwishia kwenye kidole kimoja?"

Akaziweka kwenye benchi, kando ya saa.

Kibano aliivua lenzi. Aliitazama glavu ya kushoto kwa muda mrefu, halafu akaivaa. Iliingia yote, hadi mwisho, kila kidole mahali pake. Akaukunja mkono, akaukunjua. Hakukuwa na sehemu iliyobana wala iliyopwaya.

Saa arobaini ukutani, na nusu yake zinatembea. Sijawahi kuzisikia zikipiga kelele namna ile.

"Kaka," alisema, "huyu mtu ananijua mkono. Mimi simjui. Nieleze."

Nikaeleza.

Sikueleza vizuri. Nilianza na umuhimu wa kujiendeleza uzeeni, nikapitia historia ya Baraza, nikagusia matatizo ya tafsiri. Shemeji akaketi juu ya mashuka.

"Shemeji, mbona unazunguka kama unatafuta choo kwenye nyumba ya watu? Sema ulichofanya."

"Niliwaambia mikono ni yangu," nikasema.

"Watu wangapi?"

"Kama mia tatu."

"Mia tatu," shemeji alimgeukia mumewe. "Mume wangu una washabiki mia tatu na bado unaniambia huna hata wa kukusaidia kufagia."

Kibano hakucheka. Akanyoosha mkono wenye glavu. "Nionyeshe."

Nikampa simu. Akaipitia picha moja moja kwa kidole, taratibu, kama anavyogeuza saa ambayo hajaijua. Mikono yake akiwa anafunga springi. Mikono yake na saa ya bibi harusi iliyozama kwenye beseni. Na chini ya kila picha maneno ya watu wa mbali, simu imeyatafsiri kwa namna yake: mikono hii ina subira. Mikono hii imesoma. Mungu ahifadhi mikono hii na baridi.

Alisimama kwenye picha moja. "Hii si yetu."

"Hiyo ni ya fundi wa saa za stesheni. Aliomba ushauri. Saa yake ilikuwa inachelewa."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia aweke mafuta."

"Wapi?"

Nikanyoosha kona ya leso.

"Wapi, kaka?"

"Kwenye ile springi nyembamba. Ya unywele."

Kibano alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa. "Unywele hauwekwi mafuta. Unagandamana. Saa itakimbia kama imefukuzwa na mbwa."

"Alirudi akasema sasa inawahi dakika arobaini kwa siku."

"Na ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asubiri itatulia."

"Kuna wengine?"

"Kuna mtawa mmoja. Anatunza saa ya ukumbini kwao. Aliuliza uso wa saa unasafishwa kwa kitu gani. Nikamwambia maji na sabuni."

"Uso uliopakwa rangi kwa mkono?"

"Ndiyo."

"Namba zikatoka."

"Kuanzia sita hadi tisa."

"Akasemaje?" shemeji aliuliza.

"Alisema si kitu, Mungu anajua ni saa ngapi."

Shemeji akajifunika uso kwa shuka. Mabega yake yalikuwa yanacheka. Lakini mimi nilikuwa namtazama Kibano. Alikuwa haoni kichekesho. Kuhusu kuibiwa mikono alikuwa hajasema lolote. Kilichomuuma ni saa ya mtawa.

"Umesema nao kwa mdomo wangu," alisema hatimaye. "Ulipochukua sifa, sawa, sifa hailiwi. Lakini umewapa kazi mbovu, na wao wanaona mkono wangu."

Uso wangu sikujua niuweke wapi. Nimewahi kukaripiwa na mameneja watatu na mkaguzi mmoja. Hakuna aliyewahi kunishusha hivyo kwa sauti ya chini hivyo.

Nikamsomea barua ya Chiriku, yote. Nilipofika pale mlango wa masikio unapofungwa, shemeji akaacha kucheka.

"Tengeneza, mdogo wangu," nilisema. "Nakuomba. Unaweza kuuchonga mhimili mwingine, nimekuona ukichonga kwa sindano. Mtengenezee, mimi nitatubu baadaye."

"Siigusi."

"Kwa ajili yake, si kwa ajili yangu."

"Siigusi mpaka mwenyewe ajue ni mkono gani unaigusa. Ameniamini mimi bila kunijua, amekuamini wewe kwa kukujua. Akijua, akisema endelea, nitaendelea. Akisema rudisha, nitarudisha."

Nilitoa simu. "Namwandikia sasa hivi."

"Simu hapana," alisema shemeji. "Namjua huyu. Anaandika, anatuma, akiona mambo yanaharibika anafuta. Juzi kanitumia ujumbe, nimefika kuusoma nakuta kivuli chake tu."

"Ule ulikuwa na makosa ya herufi."

"Barua," alisema Kibano. "Ya karatasi. Ikishatoka haifutiki."

"Barua itakwenda wiki tatu. Jibu wiki tatu. Tuko mwezi wa tisa. Unajua maana yake?"

"Maana yake uandike leo. Posta wanafunga saa kumi."

Niliandikia palepale dukani, kwenye kona ya benchi. Niligawa karatasi kwa mstari katikati: kushoto Kiswahili, kulia lugha ya Chiriku, ambayo kila neno lake nililonalo nimelipata kwake. Kamusi nilikuwa nayo pembeni. Kibano alikuwa anafanya saa nyingine, mgongo umenigeukia nusu. Shemeji alikuwa amerudi kwenye beseni lake.

Nataka niseme jinsi ilivyokuwa. Niliandika "shikamoo" nikaikata, maana mwalimu hamwamkii mwanafunzi. Nikaandika "Mpendwa Chiriku." Halafu nikafika kwenye sentensi yenyewe, na mkono uliokuwa unatetemeka tangu asubuhi ukatulia ghafla. Ukaandika kwa mwandiko mzuri, ule wa masomo ya jioni:

"Mikono uliyoiona ni mikono ya duka letu, yaani mimi pamoja na mdogo wangu anayenisaidia. Saa ilipata hitilafu safarini, lakini usiwe na wasiwasi."

Nilijua ninachofanya. Sitawadanganya na ninyi. Nilimwona Chiriku akilini akisoma ukweli, nikaona simu yangu asubuhi ikiwa haina shikamoo, na nikaona chumba changu kilivyokuwa kabla. Nilifikiri: Kibano hajui kusoma. Nitamsomea anachotaka kusikia, na barua itakwenda na ninachotaka mimi.

"Nimemaliza," nikasema.

"Soma."

Nikasoma, macho kwenye karatasi, sauti imara. "Mpendwa Chiriku. Mikono uliyoiona si yangu. Ni ya mdogo wangu, naye hakujua. Saa yako haikuwa na ugonjwa ila uchafu. Niliivunja mimi, kwa kiburi." Nilisoma vizuri sana. Hata mimi mwenyewe niliguswa.

Kibano akageuka kwenye kiti chake.

"Niione."

"Uone nini? Nimekusomea."

"Niione, kaka."

Akaichukua. Akashusha taa ya shingo ndefu, akarudisha lenzi jichoni, na akaanza kuipitia barua kama anavyopitia meno ya gurudumu, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"'Mdogo wangu,'" alisema, "'anayenisaidia.'"

Kalamu iliniponyoka. Ilibingirika juu ya benchi ikaenda kusimama kwenye saa ya Chiriku.

"Hitilafu safarini," aliendelea. Hakukosea hata silabi. "Hapa hukuandika ulivyosoma."

Nilitazama ukutani. Vikaratasi arobaini, uzi mmoja mmoja, mwandiko mdogo safi.

"Vile huandika shemeji," nilisema, kama mtu anayeshika mti uliokwisha kukatwa.

"Huyu?" Kibano alielekeza kichwa uani. "Huyu bila miwani hajui hata sabuni ipi ni ya nguo."

"Nani alikufundisha?"

"Madaftari yako. Ukimaliza mwaka ulikuwa unayatupa kwenye sanduku la vyuma chakavu. Jioni wateja walikuwa hawaji wote kwa pamoja."

"Miaka yote hii nakusomea gazeti."

"Najua."

"Kila asubuhi."

"Najua, kaka. Nilikuwa nimeshalisoma." Akaivua lenzi. "Ile fainali ulinisomea tumeshinda mbili moja."

"Ulikuwa mgonjwa. Nilikuhurumia."

"Tulifungwa nne. Nilifurahi hivyo hivyo. Ulikuwa unapenda kusoma, mimi nilikuwa napenda kukusikiliza, sikuona sababu ya kukunyima."

Siku hizi gazeti analinunua mwenyewe na kulisoma kwa sauti yake. Mimi nakaa kimya upande wa pili wa benchi, nikisubiri afike ukurasa huu.

Siku ile niliichukua barua mkononi mwake. Maneno yote niliyokusanya miaka hamsini, kamusi tatu na vyeti vinne, hakuna hata moja lililokuja. Niliichana karatasi katikati. Nikachukua nyingine.

Safari hii mkono ulitetemeka mwanzo hadi mwisho, na nikauacha utetemeke, aone. Nilianza na neno nililokuwa nimelikata.

"Shikamoo, dada. Hili nilipaswa kukupa mimi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa umenizidi umri. Nilikudanganya ili niwe napewa."

Kutoka hapo mengine yalitoka yenyewe. Mikono. Kidole. Mtawa na fundi wa stesheni. Uvungu wa kabati. Upande wa kulia wa karatasi, kwenye lugha yake, nilikwama penye neno "aibu". Katika sentensi elfu saba tulizofundishana hatukuwahi kulihitaji. Kamusi ilikuwa nalo, lakini sikutaka kumpa neno nisilolipata kwake. Nikaandika maneno niliyokuwa nayo: siwezi kukaa mahali ambapo watu wananiona.

Nilimpa Kibano. Hakuniomba nisome. Alisoma mwenyewe, akaikunja mara mbili, akasema, "Hii sawa."

Halafu akavuta karatasi yangu moja nyeupe, akachukua ile kalamu yake nyembamba ya vikaratasi, akanigeuzia mgongo kabisa.

Aliandika kwa robo saa. Mara moja alisimama, akatazama dari, akaendelea. Nikasikia droo ya benchi ikifunguliwa, kisha ikifungwa. Nikamwona akichana pamba.

"Umeandika nini?"

"Yako nimeisoma," alisema. "Yangu sitakusomea."

Akaingiza vyote kwenye bahasha, akapitisha ulimi kwenye gundi, akaibana kwa dole gumba kutoka kona hadi kona, polepole, kama anavyofunga mgongo wa saa. Nyuma, mahali pa mtumaji, aliandika jina lake. Sijawahi kuliona jina la ndugu yangu limeandikwa na mwenyewe. Ana herufi nzuri kuliko zangu.

Tulifika posta saa tisa na dakika arobaini. Karani alikuwa mama mnene mwenye miwani kwenye kamba. Aliipima bahasha, akaibonyeza katikati kwa kidole, akaibonyeza tena.

"Humu hamna karatasi peke yake. Kuna kitu kigumu."

Nilimtazama Kibano. Yeye alikuwa anatazama saa ya ukutani ya posta, ambayo ilichelewa dakika sita.

"Jaza hapa," karani alisema, akasukuma fomu. "Kilichomo, kwa maneno machache."

Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu, kwa mazoea. Fomu za nyumba ile nimezijaza mimi maisha yangu yote. Kibano aliifikia kwanza. Akajaza, mkono wa kushoto ameuweka kama ukuta, kile kidole kifupi kikiwa upande wangu.

Karani akaisoma. Akashusha miwani.

"Una hakika, mzee? Hiki kikipotea njiani hatuwezi kukupa kingine."

"Nina hakika."

"Ni nini hicho?" niliuliza.

Karani alinitazama, akatazama jina nyuma ya bahasha, akanitazama tena. "Mtumaji ni yeye, mzee wangu. Wewe simama pembeni kidogo."

Nikasimama pembeni. Nilijaribu kukumbuka kama wakati tunatoka niliiona saa ya Chiriku pale benchi, chini ya kifuniko chake cha kioo, na kama ilikuwa imefungwa kikaratasi. Kifuniko nilikikumbuka. Kilichokuwa chini yake sikukikumbuka; kama ni patupu, basi saa ilikuwa ndani ya bahasha, inarudi kwa mwenyewe bila kusema.

Karani akagonga muhuri mara mbili, akaitupa bahasha kwenye gunia lililokuwa nyuma yake, na mtu mmoja akaja akalifunga gunia mdomo kwa kamba.